Mgeni wa Usiku Apigaye Mluzi

Safari tunayoisimulia leo hatukuifunga kwa ajili ya ndege. Tuliitwa kusuluhisha baba na mwanawe. Mwenzetu tuliyesoma naye chuoni tungali wadogo, ambaye leo ni mkulima wa mpunga karibu na Ngao katika Delta ya Tana, alitutumia ujumbe mfupi mwishoni mwa Aprili: "Njoo useme na mwanao. Mimi hanisikii tena." Hakueleza zaidi, nasi hatukuuliza. Tulimchukua mjukuu wetu wa miaka kumi, aliyekuwa likizoni, tukatoka Malindi baada ya swala ya Alfajiri.

Ukishavuka daraja la Sabaki, njia huelekea kaskazini na bahari hubaki mkono wa kulia bila ya kuonekana. Gongoni na Marereni utaona chumvi imerundikwa kando ya mabwawa yake, nyeupe mpaka macho yauma. Kisha hufuata nchi kavu ya miiba, na mifugo inayopita kwa makundi ikitimua vumbi. Halafu, pasi na mlima wala bonde la kukuonya, nchi hugeuka kijani. Miembe hutokea, na migomba, na maji pande zote mbili. Hapo ndipo unapojua kwamba umefika kwenye himaya ya mto.

Mto Tana ndio mrefu kuliko mito yote ya Kenya. Maji yake hutoka katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, yakasafiri takriban kilomita 1,000 hadi Kipini yanakoingia baharini. Kabla ya kufika huko mto hutanuka, hugawanyika, huacha maziwa madogo katika njia zake za zamani, na kila ufurikapo huyajaza upya. Wapokomo hulima kandokando yake, Waorma huleta ng'ombe wao malisho ya bara yanapokauka, na wavuvi hutega samaki katika maziwa. Mwaka 2012 delta hii, yenye hekta 163,600, iliingizwa katika orodha ya ardhi oevu zinazotambuliwa duniani chini ya mkataba uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar nchini Iran. Mwaka huo huo damu ya majirani ilimwagika hapa kwa ajili ya ardhi, malisho na maji. Tunayataja mambo haya mawili pamoja ili msomaji afahamu kwamba ugomvi wa shambani, katika nchi ya Tana, si jambo la kupuuzwa.

Tulimkuta mwenzetu ameketi juu ya mkeka chini ya mwembe. Baada ya salamu na chai, mwanawe alikuja, akatuamkia kwa adabu na kuubusu mkono wetu. Ni kijana wa miaka ishirini na minane, baba wa watoto wawili. Tulimwomba aseme yaliyo moyoni mwake, naye alisema kwa utulivu.

"Ami, msimu uliopita nilimwaga kilo arobaini za mbegu katika majaruba mawili yaliyojaa maji. Asubuhi ya tatu sikuona kitu ila matope yaliyokanyagwa. Bata mwitu hawa huja usiku, na huja wakipiga mluzi, kama kwamba wanatucheka. Baba asema tuwaache, ni viumbe vya Mungu. Na wanangu je, si viumbe vya Mungu?"

Kisha aliingia ndani akatoka na kifuko cha plastiki kisicho na maandishi yoyote. Aliuziwa na mchuuzi, akaambiwa achanganye na mpunga kidogo na kuutandaza kandoni mwa jaruba. Asubuhi atawaokota bata kama embe zilizoanguka, na nyama yake atapata mnunuzi.

Tunakiri mbele yenu kwamba wakati ule tulikuwa upande wa kijana. Kuhusu sumu hatukuwa tumefikiri sana, lakini kuhusu dhuluma tulikwisha hukumu. Mtu kwanza, ndege baadaye. Mzee mwenzetu alilisoma jawabu hilo usoni mwetu. Alisema tu: "Sheikh, wewe ndiye uliyezoea kutufundisha kwamba kadhi hahukumu kabla ya kumwona mshtakiwa. Kesho twende ukamwone."

Asubuhi iliyofuata tulikwenda ziwa Shakababo, ambalo hupata maji yake mto ukifurika. Mvuvi mmoja alitupakia katika mtumbwi, akatupitisha polepole kando ya matete na yungiyungi, mbali na mahali wanapolala viboko. Alipoinua kasia na kutuashiria tunyamaze, tuliona kwenye ukingo wa matope kitu tulichodhani ni safu ya visiki. Visiki hivyo vilikuwa na nyuso nyeupe.

Bata huyu hasimami kama bata wa nyumbani. Husimama wima, shingo ndefu imenyooka, miguu mirefu ya kijivu, mfano wa mtu anayesikiliza hotuba. Uso wake ni mweupe tangu paji hadi kooni, na nyuma ya kichwa na shingo ni mweusi, hata ukimtazama kutoka mbele utadhani amejifunika ushungi mweusi ukauacha uso wazi. Kifua chake ni hudhurungi iliyokoza, tumbo ni jeusi, na ubavuni ana michirizi myembamba myeusi na myeupe kama ukindu uliosukwa. Urefu wake ni kama sentimita 45, na uzito wake haufiki kilo moja. Dume na jike hawatofautiani kwa rangi. Wadogo peke yao ndio hujulikana, kwa kuwa nyuso zao bado ni za kijivu, hazijawa nyeupe.

Mtaalamu wa Uswidi, Linnaeus, alipomwandika mwaka 1766 alimpa jina la Kilatini viduata, maana yake aliyefiwa na mwenziwe, kwa sababu ya ule weusi na weupe. Jina hilo lilitushangaza, kwa kuwa hatukumwona hata mmoja aliyekuwa peke yake. Walikuwa wawili wawili, na kila wawili walikuwa karibu mno. Mmoja aliinamisha kichwa, mwenziwe akamchambua manyoya ya shingo kwa ncha ya mdomo, taratibu, kisha wakabadilishana zamu. Mjukuu wetu aliuliza kwa kunong'ona kama walikuwa wakitoana chawa. Mvuvi alicheka bila ya sauti.

Tulijifunza kwamba mapenzi hayo si ya mchana mmoja. Bata hawa hukaa na wenzi wao kwa muda mrefu. Tago lao huwa chini, ndani ya nyasi ndefu au matete, na mara chache katika pango la mti. Jike hutaga mayai manane hadi kumi na mawili, na dume haendi zake. Wote wawili huatamia kwa zamu, takriban siku 26 hadi 28, na vifaranga vikitoka wote wawili huvilea. Tena, baada ya kulea, manyoya yao ya kurukia hupukutika kwa pamoja, wakabaki wiki kadhaa hawawezi kuruka. Wakati huo hujificha katika matete, na hakuna kitu rahisi kukamatwa kuliko wao.

Katika kundi lile walikuwamo wachache wa rangi nyingine, wa manjano yaliyoiva kama maganda ya tende mbichi, wenye mistari myeupe ubavuni. Hao ni ndugu zao. Duniani kuna aina nane za ukoo huu wa bata wapigao mluzi, na hapa kwetu Kenya hawa wawili ndio wanaoonekana zaidi. Wa uso mweupe hupatikana Afrika, kusini ya Sahara, na ng'ambo ya bahari katika Amerika ya Kusini. Wa manjano huonekana Afrika, Amerika na Bara Hindi. Wasomaji wetu wanaosafiri bara wanaweza kuwakuta Amboseli, au katika mashamba ya mpunga ya Mwea. Penye maji ya kina kifupi, majani na utulivu, hapo hutua.

Mtumbwi uligusa gogo. Safu yote iliinuka kwa mara moja, nasi tukausikia mluzi wao kwa ukamilifu: sauti tatu nyembamba zikifuatana, ya mwisho ikishuka, na kila ndege akiwajibu wenziwe. Walipopita juu yetu miguu yao ilichomoza nyuma ya mkia, na shingo ziliinama kidogo, wakaonekana wana kibiongo. Mbawa zao hazina hata doa jeupe. Walizunguka mara mbili, wakatua upande wa pili wa ziwa, wakasimama tena kama visiki.

"Mchana hulala," mvuvi alisema. "Kazi yao ni usiku."

Basi usiku ule tuliomba kulala shambani. Mzee mwenzetu ana dungu lake, jukwaa la miti lililoezekwa makuti, ambalo wakulima wa Tana hulitumia kulinda mazao. Tulipanda sote wanne, baba, mwana, sisi na mjukuu, na tochi na chupa ya chai. Upande wa kulia lilikuwapo jaruba la kijana, lenye maji yaliyofika kifundoni na mbegu zilizomwagwa siku iliyotangulia. Upande wa kushoto lilikuwapo la baba, lililopandikizwa miche ya mwezi mmoja iliyokuzwa kitaluni.

Walikuja baada ya Isha. Kwanza tulisikia mluzi kutoka mbali, upande wa ziwa, kisha juu ya vichwa vyetu, halafu maji yakachapa. Mjukuu wetu, ambaye nyumbani hukatazwa kupiga mluzi baada ya magharibi kama watoto wote wa pwani, aliuliza: "Babu, mbona wao hawakatazwi?" Hata kijana, aliyekuwa amekunja uso tangu asubuhi, alitabasamu.

Lakini hakutabasamu kwa muda mrefu, wala sisi. Katika mwanga wa tochi tuliwaona katika jaruba lake, wakitembea katika maji na kuzamisha vichwa, wakiipepeta ile tope kwa midomo. Kila kichwa kilichoinuka kilikuwa kimemeza mbegu ya mtu. Kijana hakusema neno. Alishuka akapiga debe, wakaruka, wakarudi baada ya nusu saa. Alishuka tena. Ilipofika saa nane za usiku tulikwisha elewa kwamba malalamiko yake yalikuwa ya kweli, na kwamba mtu mmoja hawezi kulinda usiku kucha, siku baada ya siku, kisha akalima mchana.

Kulipopambazuka tulitembea kwenye matuta. Jaruba la kijana lilikuwa limechimbuliwa upande mmoja. Katika jaruba la baba tuliona nyayo zenye utando baina ya mistari ya miche, lakini miche yenyewe ilikuwa imesimama, isipokuwa michache iliyokanyagwa. Mzee alituonesha magugu yaliyong'olewa. Alisema kwamba bata hawa hula pia mbegu za majani ya majini, na wadudu na konokono wadogo, na kwamba mche ukishashika mizizi hawausumbui sana kama mbegu iliyolala juu ya tope. Usiku mmoja si utafiti, nasi hatudai hivyo. Ila tuliyoyaona yalikuwa na tofauti iliyo wazi.

Tuliporudi chini ya mwembe, kijana alikiweka kile kifuko mbele yetu, akangoja. Tulimuuliza mambo matatu tu.

La kwanza, maji ya jaruba lako hutokea wapi? Alijibu kwamba hushuka kwenye mfereji. Na nani huvua kambare katika mfereji? Alinyamaza, kwa sababu ni watoto wake na wa jirani.

La pili, ng'ombe wa Waorma watakapopita kunywa pale, kisha wawili watatu wakaanguka, nani atakayeamini kwamba sumu ilikuwa ya bata? Katika nchi ambayo majeraha ya mwaka 2012 bado yanakumbukwa, kijana alilifahamu swali hili kuliko sisi tulioliuliza.

La tatu, nyama. Huko Bunyala, magharibi mwa Kenya, imeandikwa na watafiti jinsi watu walivyotumia dawa ya wadudu iitwayo karbofurani kuwaulia bata hawa hawa na ndege wengine wa majini katika mashamba ya mpunga, kisha nyama ikauzwa kwa watu wa kuila. Dawa hiyo huvuruga mishipa ya fahamu ya ndege, na ya mwanadamu vile vile. Bata mwenyewe ni halali akichinjwa. Aliyeuawa kwa sumu ni mzoga, na anayemuuza anamlisha mwenziwe mzoga na sumu katika sahani moja. Hapo hapakuhitaji fatwa ndefu.

Kijana aliinamisha kichwa, kisha akasema neno lililotuhukumu sote: "Nimesikia, Ami. Na mbegu zangu?"

Hapo ndipo tulipoona kosa la safari nzima, nalo halikuwa la kijana peke yake. Baba yake alikuwa amewahurumia ndege kwa mali ya mwanawe. Jaruba la mzee lilikuwa salama, miche yake imesimama, na wema wake haukumgharimu kitu. Sisi nasi tulikuwa karibu kutoa nasaha nzuri, tukanywa chai, tukarudi Malindi. Mtu hawezi kuitwa mkarimu kwa kumkaribisha mgeni katika sahani ya mwenziwe. Tulimwambia mzee hayo mbele ya mwanawe, kwa kuwa ni mwenzetu wa tangu utotoni na anatuvumilia. Alikaa kimya kwa muda mrefu. Halafu alisema: "Kitaluni imebaki miche. Chukua nusu."

Kutoka hapo mazungumzo yakawa ya kilimo. Kijana ataacha kumwaga mbegu katika maji, atapandikiza miche iliyokomaa. Pale atakapolazimika kumwaga, atayatoa maji kwanza mpaka mbegu zishike mizizi, maana bata hawa hupenda maji ya kina kifupi na jaruba kavu haliwavutii sana. Ulinzi wa dungu utakuwa kwa zamu, baba nusu ya kwanza ya usiku, mwana nusu ya pili, kama wale tuliowaona ziwani wanavyopeana zamu ya kuatamia. Sisi tulilipa bei ya mbegu zilizoliwa usiku ule, kwa kuwa tulizitazama zikiliwa. Kifuko cha sumu hatukukimwaga wala hatukukifukia, kwa kuwa kila kinachofukiwa katika delta siku moja mto hukifukua. Kilifungwa ndani ya kopo, kikapelekwa kwa afisa wa kilimo.

Tulirejea Malindi jioni ya siku ya tatu. Njiani mjukuu wetu alijaribu kuiga ule mluzi wa sauti tatu mpaka dereva akaomba amani. Mara mbili tulidhani ameupata, lakini mwenyewe alisema bado, ile sauti ya mwisho haishuki vizuri.

Mwezi wa Julai ulikuja ujumbe, safari hii kutoka kwa kijana mwenyewe: "Ami, mpunga umesimama. Kona moja ya karibu na ziwa wamekula. Baba asema tuihesabu sadaka, nami nimekubali kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa zamu." Tulicheka, kisha tukamsomea mjukuu.

Wazazi mtakaojaaliwa kupita njia ya Garsen baada ya masika, simameni kidogo pale maji yalipotuama karibu na barabara, muwaoneshe watoto safu ile ya nyuso nyeupe. Msiwatupie mawe ili waruke, wataruka wenyewe wakati ukifika. Na mkiuziwa njiani bata mwitu asiye na alama ya kisu shingoni, ulizeni alikufaje, na jibu lisipokuwa wazi, mwacheni muuzaji na bidhaa yake.